Anayekupa Kiti na Anayeweza Kukuondoa

Kuna Lumuma mbili. Moja ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Nyingine ni kata ya Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma. Mnunuzi wa vitunguu anayetoka Dar es Salaam hajali sana tofauti hiyo. Kwake Lumuma ni Lumuma, ilimradi gunia limejaa na kitunguu kimekauka. Siku ya kupiga kura, hata hivyo, mpaka huo hauna mzaha. Watu wanaokutana gulioni, wanaoozeshana na kuzikana, wanachagua madiwani wawili wanaokwenda kuketi katika halmashauri mbili, chini ya wakurugenzi wawili, katika mikoa miwili. Malalamiko ya maji ya mto mmoja yanaweza kupelekwa Kilosa mjini na Mpwapwa mjini, kila upande na diwani wake.

Aliye upande wa Kilosa ana kalenda ya kura iliyo wazi kwa nje. Novemba 27, 2024 ilikuwa zamu ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Oktoba 29, 2025 ikaja zamu ya rais, mbunge na diwani. Wote hao, kuanzia wa kitongoji hadi wa Ikulu, wana miaka mitano, na wengi wetu huishia hapo: miaka mitano, kwisha habari.

Habari haijaisha. Kila kiti cha uongozi kina maswali matatu: nani alikitoa, kinakaliwa mpaka lini, na nani anaweza kukitwaa kabla ya muda. Ukiyauliza maswali hayo kitongojini, kisha kwa mtendaji, kwa diwani, kwa mbunge na kwa rais, unapata majibu yanayopishana sana. Mara nyingi aliyetoa kiti siye mwenye uwezo wa kukitwaa.

Kura inagusa shamba zaidi kule chini. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkubwa wa kijiji si mwenyekiti. Ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ambao unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, wenyeviti wa vitongoji wakiwamo, na wanawake wasiopungua robo. Halmashauri hiyo inasimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lakini haiwezi kumkatia mtu eneo bila idhini ya mkutano mkuu. Kilosa wanajua uzito wa kifungu hicho. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na tangu hapo hakuna uchaguzi wa kijiji wilayani humo ambao suala la nani aruhusiwe kulisha wapi limekaa mbali.

Mwenyekiti wa kitongoji naye ana mambo yake madogo ambayo ukiyakosa unajua umekosa nini. Barua ya utambulisho ya mkopo, ya kufungulia akaunti, ya kumdhamini ndugu aliyeshikwa polisi, huanzia mkononi mwake. Shauri la mbuzi kuingia kwenye bustani ya vitunguu huanzia barazani kwake. Hana mshahara wa serikali kwa kazi hiyo. Asichanganywe na balozi wa nyumba kumi, ingawa vijijini wazee bado humpelekea balozi kila kitu. Balozi ni kiongozi wa chama, mabaki ya enzi ambayo chama na serikali vilikuwa vikikaa meza moja, na tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 hana mamlaka ya dola juu ya jirani yake.

Ngazi hii ya chini ina sifa moja ambayo ngazi za juu hazina: waliokuchagua wanaweza kukung'oa kabla ya miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji ukipoteza imani na mwenyekiti, una njia ya kisheria ya kumwondoa, na jambo hilo hutokea. Anayeuza ardhi kwa siri au asiyesoma mapato na matumizi mwaka mzima anaweza kujikuta akihojiwa mbele ya watu walewale waliompigia kura, chini ya mwembe uleule. Diwani hana hofu hiyo. Mbunge hana. Rais ndiyo kabisa.

Kinachosikitisha ni kwamba kura hii yenye meno ndiyo inayolindwa kidogo kuliko zote. Haisimamiwi na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi bali na TAMISEMI, yaani wizara ileile inayozisimamia halmashauri kila siku. Daftari lake pia ni jingine. Mwaka 2024 wakazi walitakiwa kujiandikisha upya, kati ya Oktoba 11 na 20, katika orodha ya eneo wanakoishi, na kadi ya mpiga kura iliyotolewa na Tume haikumwingiza mtu katika orodha hiyo. Matokeo yalikuwa CCM kushinda takriban asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani viliposusia, asilimia ilikuwa ya kiwango hichohicho. Vyama hivyo vilidai mara zote mbili kwamba wagombea wao walienguliwa kwa makosa madogo ya fomu. Serikali ikajibu kwamba kanuni zilifuatwa. Msomaji achague upande anaouamini, ila asisahau kwamba mwaka 2014 vyama hivyohivyo, vikipambana na CCM hiyohiyo, vilivuna maelfu ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji.

Kando ya waliochaguliwa wameketi walioteuliwa, nao hawaonekani kwenye karatasi yoyote ya kura. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri. Mtendaji wa kata vilevile. Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa huteuliwa na rais, na mkuu wa wilaya pia. Hawa hawana miaka mitano. Wanaweza kukaa mwaka mmoja au minane, na taarifa ya Ikulu ya jioni moja inatosha kuwahamisha. Mwenyekiti wa kijiji anamwongoza mtendaji kwenye kikao, lakini hawezi kumfukuza kazi. Mtendaji anashika muhuri na kumbukumbu, lakini hana kura ya mtu hata mmoja. Vijiji vingi huendeshwa na mvutano wa hao wawili, na wanapoelewana mno, wanakijiji huwa na sababu ya kutega sikio.

Mkurugenzi alikuwa na kofia nyingine iliyozua ubishi kila baada ya miaka mitano: ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi jimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vinavyompa kazi hiyo vinakiuka Katiba, kwa hoja kwamba mteule wa rais hawezi kuonekana huru mbele ya mgombea wa chama cha rais. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Wakurugenzi wakarudi mezani, na uchaguzi wa 2020 wakausimamia.

Kata ya Lumuma inatoa diwani mmoja, kama kata nyingine zote, bila kujali ina watu wengi au wachache. Akifika Kilosa mjini anakutana na madiwani wenzake wa kata, madiwani wanawake wa viti maalum waliogawiwa kwa vyama, na wabunge wa majimbo, ambao nao ni wajumbe wa baraza. Hapo unafanyika uchaguzi mwingine ambao mwananchi wa kawaida hashiriki: madiwani humchagua mmoja wao kuwa mwenyekiti wa halmashauri kwa miaka mitano, na makamu wake kwa mwaka mmoja tu. Ndiyo maana makamu huonekana wakibadilika huku mwenyekiti akibaki. Kila mwaka kiti cha makamu kinarudi mezani, na madiwani wanaotaka kumtikisa mwenyekiti bila kumgusa huanzia hapo.

Wilaya ya Kilosa ina majimbo mawili ya ubunge, Kilosa na Mikumi. Gairo lilikuwa la tatu mpaka Gairo ilipokuwa wilaya kamili mwaka 2012. Mtu akitaka kueleweshwa jinsi watu wanavyoingia bungeni, hahitaji kutoka nje ya majimbo hayo mawili.

Mwaka 2015 Mikumi ilimchagua Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Profesa Jay. Mwaka 2001 alikuwa ametoa wimbo “Ndio Mzee”, unaomkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu jukwaani, kisha miaka kumi na minne baadaye akasimama jukwaani yeye mwenyewe. Alishinda kwa kanuni inayotumika katika majimbo yote: anayepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote anachukua kiti, hata kama waliomkataa kwa jumla ni wengi kuliko waliomkubali. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Dennis Londo wa CCM kwa kanuni hiyohiyo. Miaka mitano ya mmoja iliisha, ya mwingine ikaanza. Hakuna ukomo hapa: mbunge akichaguliwa tena na tena anaweza kukaa bungeni mpaka azeekee humo, na wapo waliofanya hivyo.

Jimbo la Kilosa lina somo la aina nyingine. Mustafa Mkulo, mbunge wake, aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha mwaka 2008. Mei 2012, baada ya bunge kuchafuka kwa ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Rais Jakaya Kikwete alipanga upya baraza la mawaziri na kumwacha nje. Uwaziri ukaondoka kwa siku moja. Ubunge wa Kilosa ukabaki naye mpaka 2015, kwa sababu rais hakuwa ameutoa yeye na hivyo hakuweza kuutwaa.

Kisha Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria. Januari 2017 Rais John Magufuli alimteua kuwa mbunge, akitumia zile nafasi kumi ambazo Katiba inampa rais, na miezi miwili baadaye akamfanya Waziri wa Katiba na Sheria. Kwa miaka kadhaa alikuwa mbunge asiye na jimbo, asiye na wapiga kura wa kumgongea mlango wakidai daraja. Mwaka 2020 akawa mbunge wa Kilosa. Mtu yuleyule, bunge lilelile, milango miwili tofauti.

Milango ipo mingine. Wabunge wanawake wa viti maalum, ambao kwa mujibu wa Katiba hawapungui asilimia 30 ya wabunge wote, hawapigiwi kura na mwananchi. Tume hugawa viti hivyo kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge, na chama kikapeleka majina kwa mpangilio wake. Kwa njia hiyo kura uliyompa mgombea wa chama fulani Mikumi, hata kama ameanguka, imesaidia kumpeleka bungeni mwanamke wa chama hicho ambaye huenda hajawahi kukanyaga Morogoro. Wabunge watano huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao. Mwanasheria Mkuu anaingia kwa cheo chake.

Kabla ya milango yote hiyo upo mchujo wa chama, ambao katika maeneo mengi ndio uchaguzi wenyewe. Mwaka 2020 watia nia wa CCM walimiminika kuchukua fomu, kura za maoni zikapigwa na wajumbe, na nchi nzima ikabaki na msemo wa “wajumbe si watu”, uliotoka vinywani mwa waliokuwa wameahidiwa kura na mamia, wakaambulia chache. Hata aliyeongoza kura za maoni hakuwa na uhakika, maana vikao vya juu vingeweza kumrudisha wa pili au wa tatu. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki hiyo mahakamani tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa haki. Alifariki mwaka 2015 katiba ikiwa haijabadilishwa, na mpaka leo mlango huo umefungwa. Kihistoria si jambo geni nchini, kwani katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt aliyesimama bila tiketi ya TANU.

Kwa kuwa kila mgombea lazima apitie chama, chama kikimfukuza mbunge au diwani, anapoteza kiti. Akihama mwenyewe, anapoteza pia. Hii ndiyo njia halisi ya kumwondoa mbunge wa Tanzania katikati ya muda, na wapiga kura wake hawaulizwi. Waliona hivyo mwaka 2017 na 2018, wabunge na madiwani wa upinzani walipojiuzulu mmoja baada ya mwingine wakisema wanamuunga mkono Rais Magufuli. Novemba 26, 2017 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa madiwani katika kata 43; CCM ilichukua 42. Februari 2018 ikawa zamu ya Kinondoni na Siha, Septemba zamu ya Ukonga na Monduli. Katika majimbo hayo manne wabunge waliojiuzulu walirudi bungeni kwa tiketi ya CCM, kukalia viti vilevile walivyoviacha. Anayeshinda uchaguzi mdogo hapati miaka mitano mipya bali salio la muda uliobaki. Gharama ya masanduku, wino na posho za wasimamizi hulipwa kwa ukamilifu hata hivyo.

Wazo la kumpa mpiga kura mwenyewe uwezo huo liliwahi kuandikwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ambayo Profesa Kabudi alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipendekeza katika rasimu yake ya 2013 kwamba wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda, na kwamba mtu asiwe mbunge kwa zaidi ya vipindi vitatu. Bunge Maalum la Katiba halikuyapenda mapendekezo hayo, jambo lisiloshangaza ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya wajumbe wake walikuwa wabunge. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014. Kura ya maoni ya kuiidhinisha ilipangwa kufanyika Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika.

Kenya walikwenda mbele kidogo kwenye karatasi. Katiba yao ya 2010 inatambua haki ya kumwita mbunge nyumbani, lakini vifungu vya sheria vilivyoweka masharti ya kufanya hivyo vilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2017 kwa kuwa vizito mno na vyenye ubaguzi, na hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Kiti cha rais ndicho chenye ukomo. Katiba ya Tanzania iliwekewa kifungu hicho mwaka 1984, Julius Nyerere akiwa anajiandaa kung'atuka: hakuna kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Ali Hassan Mwinyi alikaa kuanzia 1985 hadi 1995 akatoka, Benjamin Mkapa 1995 hadi 2005, Kikwete 2005 hadi 2015. Watanzania wameizoea mno hesabu hii hata wakasahau kwamba baadhi ya jirani zao hawana. Uganda iliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005 na ukomo wa umri wa mgombea mwaka 2017, na Yoweri Museveni yuko Ikulu tangu Januari 1986.

Swali gumu la hesabu hiyo lilizuka Machi 2021. Magufuli alikuwa ameapishwa kwa kipindi cha pili Novemba 2020. Alifariki Machi 17, na siku mbili baadaye Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa kumalizia muda, bila uchaguzi mdogo, kwa kuwa Katiba haina uchaguzi mdogo wa rais. Je, muda ule uhesabiwe kuwa kipindi? Katiba ilikuwa na jibu tayari. Makamu akirithi kiti ikiwa imebaki chini ya miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea mara mbili baadaye. Ikiwa imebaki mitatu au zaidi, mara moja tu. Ilibaki zaidi ya minne. Kwa hiyo kugombea kwake mwaka 2025 ndiko kwa mwisho anakoruhusiwa na Katiba iliyopo.

Uchaguzi huo wa 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa nje, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na Luhaga Mpina, aliyeteuliwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, akiwa ameenguliwa. Tume ilimtangaza Samia mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Siku ya kura na zilizofuata zilikuwa za maandamano, risasi, vifo na intaneti iliyozimwa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, Katiba inakataza mahakama yoyote kuyachunguza. Mgombea ubunge wa Mikumi akidhani ameibiwa anaweza kwenda Mahakama Kuu. Mgombea urais hawezi. Kenya anaweza, na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya huko ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta na kuamuru kura zirudiwe.

Kanuni ya ushindi wa rais nayo ina historia. Mwanzoni mwa vyama vingi ilihitaji zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yakaondoa sharti hilo, na sasa anayeongoza tu anashinda. Kanuni hii haijawahi kujaribiwa, kwani hata katika mchuano mkali wa 2015 Magufuli alipata asilimia 58 dhidi ya karibu 40 za Edward Lowassa. Anayetaka kuona inachoweza kuzaa atazame Kenya ya 1992. Daniel arap Moi alibaki Ikulu kwa takriban asilimia 36, wapinzani wake wakiwa wamegawana nyingine. Katiba ya 2010 ikaja na dawa: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47.

Wazee wa Lumuma wenye kumbukumbu ndefu wanaweza kusimulia mifumo ambayo vijana hawaiamini. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu kwa rangi zao: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waliostahili kupiga kura walikuwa wachache wenye kipato, elimu au cheo. TANU ilikaribia kususia, ikaamua Tabora, Januari 1958, kushiriki. Mwaka 1965 ikaja kura ya chama kimoja: kwa urais, Ndiyo au Hapana kwa Nyerere, kwa ubunge, wana-TANU wawili waliopewa alama ya jembe na nyumba. Chama kilikuwa kimoja lakini mchujo ulikuwa mkali. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa.

Ndiyo na Hapana vimerudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2020 wagombea kadhaa wa ubunge wa CCM, wakiwamo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa wa Ruangwa na Spika Job Ndugai wa Kongwa, walipita bila kupingwa, na wapiga kura wao hawakupewa karatasi ya ubunge. Sheria ya uchaguzi ya 2024 ilifuta utaratibu huo. Mgombea akibaki peke yake, sasa lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana.

Uchaguzi ujao wa vitongoji na vijiji ni wa 2029, na uchaguzi mkuu ni wa 2030. Katikati hapo hapatakuwa kimya. CCM, ambayo ilifanya uchaguzi wake wa ndani mwaka 2022, inatarajiwa kuufanya tena 2027, kuanzia shinani, na wajumbe watakaopatikana ndio watakaowapima watia nia wa 2030. Vyama vya umwagiliaji vinavyogawa zamu za maji vina chaguzi zao kwa katiba zao. Halafu kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, wanaopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu. Muda wao ni miaka mitatu. Baraza lililoundwa mara tu baada ya uchaguzi wa 2024 litafika mwisho mwaka 2027 au mapema 2028, bila mabango, bila msafara wa magari wala wagombea kuja kutoka mjini, na ajenda hiyo itasomwa na mtendaji katika mkutano wa kawaida wa robo mwaka, pengine ikiwa ya tano au ya sita, saa ambayo wengi wameshaanza kurudi shambani.